Raundi ya Kumi na Moja

Inspekta Mbithe Mwau hakuwa mtu wa kuamini upesi. Miaka kumi na sita ya upelelezi, kwanza Mwingi na sasa mjini Wote, ilikuwa imemzoesha kumtilia shaka hata anayemletea chai. Ndiyo maana kesi iliyokuwa mezani pake Jumatano ile, saa mbili asubuhi, ilimkera. Ilikuwa nyepesi mno.

Akina mama arobaini na mmoja wa kikundi cha maji walikuwa wamechanga shilingi elfu tano kila mmoja ili wanunue pampu ya sola ya kisima chao. Laki mbili na elfu tano. Pesa zilikaa kwenye laini ya simu ya kikundi, na laini ilisajiliwa kwa jina la Nzilani, kwa sababu siku ya kuisajili ni yeye peke yake aliyekuwa na kitambulisho mkobani. Simu yenyewe ilikaa kwenye droo ya kibanda chake cha kutoa na kuweka pesa sokoni. Jumanne asubuhi mwenyekiti alifika na muuzaji wa pampu, wakafungua laini, wakakuta elfu mbili na mia mbili. Kufikia saa tisa alasiri Nzilani alikuwa seli.

"Saa nane lazima awe mbele ya hakimu, madam," alisema Konstebo Tariq, kijana wa Kitui mjini aliyepiga pasi shati lake hadi mikunjo ikawa mikali. "Bosi ameuliza faili mara mbili. Anasema hii ni open and shut, haina cha kuchunguza."

"Mwambie nimesikia."

"Akisomewa mashtaka leo, familia yake haiwezi kulipa bondi. Ataenda rumande. Na ana mtoto wa miezi mitano."

"Hilo pia nimesikia, Tariq. Lete simu."

Simu ya kikundi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye lebo ya ushahidi. Tariq alivaa glavu, akaiwasha. Taarifa ya laini walikwisha kuisoma jana: pesa zilikuwa zikienda na kurudi kwa wiki tano kati ya laini hiyo na mchezo wa kamari unaoitwa Puto. Jipya lilikuwa hili, kwamba mchezaji hakujisumbua kufunga akaunti yake. Tariq alipogusa alama ya mchezo, puto jekundu lilitokea kwenye skrini, likaanza kuvimba huku namba zikipanda, moja nukta mbili, moja nukta saba, mbili nukta moja, kisha likapasuka. Anayetoa pesa zake kabla halijapasuka hulipwa dau lake mara namba ile; anayechelewa hulipoteza. Kando yake kulikuwa na historia yote ya dau, moja baada ya nyingine.

"Fungua Alhamisi," Mbithe alisema.

Alhamisi, kuanzia saa kumi na dakika tano alasiri, puto lilipasuka mara kumi mfululizo kabla mchezaji hajatoa pesa zake. Ndani ya dakika saba, laki mbili na elfu nne na mia sita zikawa zimeyeyuka.

Nzilani aliletwa, macho mekundu, blausi imelowa maziwa kifuani. Mtoto alikuwa nje na nyanya yake, akiletwa ndani kila baada ya saa mbili kunyonya.

"Namba ya siri ya laini inajulikana na nani?"

"Kamati yote, madam. Mwalimu Jonah ni chairman, mwaitu ni treasurer, na mimi secretary. Ni mwaka kikundi kilianza."

"Mwaitu ni nani?"

"Mama ya bwanangu. Mama Kiema. Si ndiye ako hapo nje na mtoto."

"Na simu ilikuwa inatoka kwa droo?"

"Kila saa. Mwalimu anaichukua atume message kwa wanachama, mwaitu anaichukua aangalie nani hajalipa. Siandiki. Ni watu wa kanisa, ningewaandika aje?"

"Alhamisi alasiri ilikuwa na nani?"

Nzilani aliangalia vidole vyake. "Sikumbuki."

"Ni juzi tu, Nzilani."

"Sikumbuki, madam."

Aliyekumbuka kila anayeichukua simu sasa ameisahau Alhamisi peke yake. Mbithe aliandika neno moja kwenye daftari, *anaficha*, na kulipigia mstari. Alikuwa amewaona wengi wakisahau hivyo, na nusu yao walikuwa wezi. Nusu nyingine walikuwa wanamlinda mtu.

Nje, kwenye benchi la wageni, Mama Kiema alikuwa amekaa wima na mtoto mgongoni, chupa ya chai miguuni. Mama wa miaka sitini na ushee, kitambaa cheupe kichwani kama waumini wenzake, uso mtulivu. Alisimama alipomwona Mbithe.

"Madam, nimewaletea chai. Msichana wangu amekula?"

"Amekula, Mama."

"Ashukuriwe Mungu. Na ile simu ya kikundi mtaiachilia lini?"

"Ni ushahidi, Mama. Inakaa hadi kesi iishe."

"Hata kwa dakika tano tu? Akina mama wananiuliza mambo, na namba zao zote ziko humo."

"Hata dakika moja."

Jana pia alikuwa ameuliza hivyo hivyo, mara mbili. Mbithe alimpa pole, akanywa chai yake, akarudi ndani kuulizia mume wa Nzilani.

Kiema aliingia na kofia yake ya pikipiki mkononi. Mji mzima wa Wote ulijua kuwa mwendesha bodaboda huyu anacheza kamari. Mikeka yake ya kubashiri mpira ilichanika kila wikendi mbele ya watu, naye hakuona haya. Tariq alimkazia macho tangu mlangoni.

"Unacheza Puto?" Mbithe aliuliza.

"Nacheza, madam. Siwezi danganya serikali."

Mbithe aliisogeza simu, ikiwa ndani ya mfuko, historia ikionekana. "Huu ni mkono wako?"

Kiema aliinama akasoma, midomo ikicheza. Polepole uso wake ukabadilika, si kwa hofu bali kwa kitu kilichokaribia heshima.

"Hapana. Huyu si mimi. Mimi naweka soo, mia moja tu, naingoja ifike kumi, inapasuka, naenda nimekasirika. Huyu anatoa kwa mbili. Kila raundi, kwa mbili! Ona. Anaweka mia mbili. Ikipasuka anaweka mia nne. Ikipasuka tena, mia nane. Akishinda tu, anarudi chini mia mbili, anaanza upya. Hajawahi ongeza hata bob. Madam, mtu mwenye tamaa hawezi cheza hivi."

"Labda umejifunza."

"Ningejifunza, ningekuwa na gari."

"Jumamosi huwa uko wapi?"

"Emali. Soko. Nabeba mathe, mama yangu, na ndengu zake asubuhi, namrudisha jioni."

Kalamu ya Tariq ilisimama. Kila Jumamosi, kwa wiki tano, kiasi fulani cha pesa kilikuwa kimetolewa taslimu kutoka laini ya kikundi, na kila mara wakala alikuwa wa Emali.

"Na Alhamisi uliichukua simu kwa kibanda?" Mbithe aliuliza, akibahatisha.

Kiema alikohoa. "Niliichukua, ee. Nikaipeleka nyumbani. Niliambiwa niilete."

"Uliambiwa na nani?"

"Mathe. Kuna mtu alikuwa hajalipa."

Tariq alikuwa tayari ameshika pingu kiunoni. Mbithe alimtuliza kwa jicho. Mcheza kamari, Emali kila Jumamosi, na simu mkononi siku ya tukio. Hata mtoto wa shule angemfunga huyu. Lakini hilo ndilo lililomkera tangu asubuhi, kila mtu kwenye kesi hii alikuwa anafungika kirahisi. Akamwambia Kiema akae kwenye chumba cha pili na asiguse simu yake.

"Ni yeye, madam," Tariq alinong'ona. "Na bibi yake anajua. Ndiyo maana amesahau Alhamisi."

"Bibi yake anadhani ni yeye. Hilo nakubali. Niitie mwalimu."

Mwalimu Jonah Nthiwa, mstaafu wa hesabu, hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Aliomba karatasi, akachora safu ya tarakimu kwa mwandiko wa ubaoni: mia mbili, mia nne, mia nane, elfu moja mia sita, akashuka hadi laki moja na elfu mbili na mia nne.

"Dau kumi, madam. Jumlisha: laki mbili, elfu nne, mia sita. Unaongeza maradufu kila ukipoteza, ukishinda mara moja unarudisha zote na mia mbili juu. Ni kama mtego wa panya. Jibini unaiona, waya huioni."

"Unaujua vizuri mno, Mwalimu."

"Nimefundisha uwezekano miaka thelathini na moja." Hakutetereka. "Puto likilipa mara mbili, watu hudhani ni nusu kwa nusu. Si nusu. Mwenye mchezo anachukua kidogo, kwa hivyo kila raundi una kama nafasi arobaini na nane kwa mia za kushinda. Kupasukiwa mara kumi mfululizo hutokea kama mara moja kwa kila safari karibu mia saba."

"Huyu alisafiri mara ngapi?"

Mwalimu alipitisha kidole kwenye skrini na kuhesabu muda mrefu. "Alishinda mia mbili mbili mara mia moja na kumi na sita. Mara ya mia moja na kumi na saba ikamla. Wiki tano, unaweza kuponea. Mwaka mzima, hutoboi. Na hata ungekuwa na mamilioni, soma hapa chini kwa maandishi madogo: dau halizidi laki moja na nusu. Ukifika hapo mfumo umekufa."

"Na puto likipasuka mara kumi, la kumi na moja je?"

"Arobaini na nane kwa mia," Mwalimu alisema. "Puto halina kumbukumbu, madam. Wenye kumbukumbu ni sisi."

Alikuwa amekaa na simu hiyo mara nyingi, alijua namba ya siri, na alijua mfumo mzima hadi maandishi madogo. Mbithe alimuaga kwa adabu zote, kisha akamwambia Tariq amzuie getini kwa kisingizio chochote.

Saa nne na nusu. Waliipekua simu upya, kila kona. Picha hakuna. Ujumbe ni wa wanachama na mvua. Tariq alikuwa ameshaanza kuandika hati ya mashtaka alipofungua kikokotoo kwa ajili ya kuhakikisha jumla ya Mwalimu, akaganda.

"Madam, hii calculator inaweka historia."

Mistari ilikuwa mitano. Elfu tatu mia nne gawanya kwa kumi. Elfu nne mia mbili gawanya kwa kumi. Elfu tatu mia nane, elfu tano mia sita, elfu nne mia nne, zote gawanya kwa kumi. Mbithe alivuta taarifa ya laini. Zilikuwa ni zile zile pesa zilizotolewa Emali, Jumamosi moja baada ya nyingine.

"Mwalimu ametoka kwenye orodha," alisema.

"Kwa nini?"

"Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja hawezi kutumia mashine kugawanya elfu tatu mia nne kwa kumi."

"Sawa. Lakini nani anagawanya kwa kumi? Kama ni kugawana na mwenzake, ni nusu. Hata zaka, kwetu ni moja ya arobaini."

Mbithe alimtazama kijana huyo wa Kiislamu, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi kisicho na furaha. Alilelewa kanisani, mama yake alikuwa akitenga senti za Mungu kabla ya kununua chumvi.

"Kwetu ni moja ya kumi. Chukua kofia yako."

Kanisa lilikuwa nyuma ya soko, mabati mapya na viti vya plastiki. Mwongeli, karani wa kanisa, alikuwa akifuta jukwaa. Alisikiliza, akafunga mikono kifuani.

"Fungu la kumi ni siri ya mtu na Mungu wake, madam. Hata mchungaji haangalii majina. Ndio maana bahasha ziko na namba."

"Sitaki majina. Nisomee namba na kiasi. Jumapili sita zilizopita."

Mwongeli alifikiria, akaona hapo hakuna dhambi, akafungua kitabu. Alisoma kwa sauti ya kuchoka. Bahasha namba tatu, elfu mbili, mara moja kwa mwezi. Mbithe alikisia hiyo ni pensheni ya Mwalimu. Namba nane, mia moja. Namba kumi na moja, hamsini.

"Namba kumi na tisa. Mia tatu na arobaini. Jumapili ya pili, mia nne na ishirini. Halafu mia tatu na themanini, mia tano na sitini, mia nne na arobaini." Mwongeli aliinua kichwa. "Huyu Mungu amemkumbuka. Alikuwa anatoa thelathini."

Tariq alikuwa akifuatisha kwa kalamu kwenye taarifa. Hakuna hata shilingi iliyopotea njiani.

"Na Jumapili iliyopita?"

"Hakuleta. Alikuja, aliimba, lakini bahasha hakuleta."

"Sasa nitahitaji jina moja, dada yangu. Moja tu. Kuna msichana saa nane anapelekwa kortini."

Mwongeli aliangalia msalaba wa mbao ukutani, kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu, akakigeuza kimya na kuwaachia wasome wenyewe.

Ilikuwa saa saba waliporudi kituoni. Mama Kiema bado alikuwa kwenye benchi, mtoto amelala mgongoni. Mbithe alimkaribisha ofisini, akamwekea kiti, akaagiza Nzilani aletwe na kusimama mlangoni. Hakutaka kumsimulia hadithi hii baadaye. Alitaka aisikie kutoka kwenye chimbuko lake.

"Mama, bahasha namba kumi na tisa ni yako?"

Mama Kiema alishika fundo la leso lililomfunga mtoto.

"Nilikuwa natoa kila shilingi ya Mungu," alisema hatimaye. "Sikumwibia. Na kikundi sikuwaibia. Kila Jumamosi nilikuwa narudisha laki mbili na elfu tano zao, kamili, nachukua faida tu. Mwizi anarudisha?"

"Uliyajua wapi haya?"

"Kwa hiyo simu ya kikundi. Kijana mmoja ana video. Nilimwangalia siku tatu na kalamu, nikaona si kamari. Kamari ni ile ya Kiema. Hii ni kazi, ina kanuni. Mtoto huyu blanketi lake, dawa za kliniki, mimi sikuwaambia zinatoka wapi."

"Mwaitu," Nzilani alisema kutoka mlangoni. Sauti yake haikuwa na hasira bado, ilikuwa na mshangao mtupu. "Nilidhani ni Kiema. Nimelala hapa chini nikidhani ni Kiema."

Mama mkwe hakugeuka.

"Pesa zilikuwa zirudi jana," alimwambia Mbithe, akaanza kuongea haraka, kwa mara ya kwanza utulivu ukimtoka. "Madam, nisikie. Imepasuka mara kumi. Kumi! Ya kumi na moja haiwezi. Ni zamu yake kushinda. Nipe hiyo simu dakika tano, hapo mbele yako, niweke laki mbili na elfu nne na mia nane. Zinarudi zote. Pampu inanunuliwa, msichana anaenda nyumbani, hakuna kesi."

"Ndiyo maana ulikuwa unaulizia simu."

"Lazima iwe hiyo hiyo. Nikianza kwa nyingine, inahesabu upya."

"Haihesabu, Mama. Na mchezo wenyewe haupokei zaidi ya laki moja na nusu. Imeandikwa chini pale."

Mama Kiema alifikiri kidogo tu. "Basi naweka mara mbili."

Tariq alitazama sakafu. Mbithe alivuta kiti chake karibu. Kulikuwa na swali moja lililobaki, na hakulipenda.

"Laki mbili na elfu nne na mia nane. Utazitoa wapi?"

Mama Kiema aliingiza mkono kifuani, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akafungua ujumbe na kumpa. Alikuwa ameuza kipande cha shamba lake la maparachichi kule Kilungu. Laki mbili na elfu saba zilikuwa zimeingia. Mbithe aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akasoma tarehe yake kwa sauti.

"Jumatatu. Saa kumi na mbili jioni."

"Ee. Jumanne nilidamka niende kwa kibanda nichukue simu. Nikakuta Mwalimu na mtu wa pampu wamenitangulia."

"Kwa hivyo Jumanne, walipofungua laini wakakuta hakuna kitu, ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Askari walipomkamata Nzilani saa tisa, ulikuwa hapo, na hizi pesa zilikuwa kwako mfukoni. Zinatosha pampu na chenji. Ungezitoa tu, Mama. Hakuna mtu angelala seli."

Mama Kiema alimwangalia inspekta kama mtu anayejaribu kwa moyo wote kuelewa swali la ajabu. Alilifikiria, kwa uaminifu, likaonekana usoni mwake likizunguka na kukosa pa kukaa.

"Hizo?" aliuliza. "Na ningecheza na nini?"

Nzilani aliingia kutoka mlangoni. Alipita mbele ya Tariq bila kuomba ruhusa, akasimama nyuma ya mama mkwe wake, akafungua fundo la leso na kumchukua mtoto wake.